Siku Gari la Babu Lilipoacha Kugonga

Ko. Kimya kidogo. Ko-ko.

Mlio huo ulikuja kutoka juu, kwenye kona iliyofichwa na migomba, kabla taa wala pua ya gari haijaonekana, na mama alikuwa ameshasimama. Kama alikuwa anapepeta maharage, ungo ulibaki chini na maharage yake. Kama alikuwa ananisuka, nilibaki na kichwa nusu. Alijifunga kanga yake vizuri, akatoa kigoda uani, akaweka chupa ya chai na kikombe juu ya meza ndogo, akapotea kwenye mibuni. Hapo ndipo gari la babu lilipotokeza, la kijani, pua fupi, likitetemeka mwili mzima kama mtoto aliyetoka kuoga mtoni. Babu alishuka akakuta chai ya moto, kigoda na wajukuu. Mkwe wake hakumkuta.

Kwetu Rungwe, kwa wanawake wa umri wa mama yangu, mke hakai mahali pamoja na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hapiti njia ambayo mzee yumo. Siku hizi wengi wameacha. Rafiki zangu niliosoma nao wanapiga picha na baba wakwe zao, wamekumbatiana, wanacheka. Mchungaji wetu aliwahi kumweleza mama kwamba kuonana na baba mkwe si dhambi. Mama akamjibu kwa upole kwamba hakuna siku aliyosema ni dhambi. Ameolewa zaidi ya miaka thelathini na tano, na mpaka leo hajui kwamba babu ana kovu juu ya jicho la kushoto.

Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila gari lina mlio wa kuwaambia akina mama waondoke.

Baba alipofariki tulimzika uani, upande wa parachichi, na babu akaanza kuja kila Jumapili mchana baada ya ibada. Alikaa kwenye kigoda karibu na kaburi, akanywa chai, akaniuliza habari za shule, akakaa tena bila kusema kitu. Kisha alipanda gari, ko-ko likapanda mlima, na mama akarudi akiwa na vumbi la kahawa kwenye nywele. Waliendelea hivyo miaka mingi, watu wawili wasiowahi kusalimiana, wakipeana zamu ya kukaa na maiti mmoja.

Halafu chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, ikakatika. Gari liliegeshwa nyuma ya nyumba ya baba mdogo, mtaa wa Bulyaga mjini, ambako babu naye alikuwa amehamia kwa sababu ya mguu. Likakaa pale miaka mitatu likinyeshewa, na kwetu mvua haiulizi msimu. Jumapili zikapita bila babu.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba riwaya yangu ya pili imejaa maneno mazuri na haina mifupa, na nikaona niende kukaa mahali penye ukungu nifikirie. Babu aliposikia nimekuja, akaniita.

"Mke wangu mdogo," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "mwanangu amekaa peke yake miaka mitatu."

Nikamwambia, mume wangu, hilo ni jambo la dakika ishirini, nitakuletea bajaji sasa hivi. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza shule niliyosoma ilinifundisha nini. Bajaji zote zinalia sawa, alisema, na pikipiki zote zinalia sawa, na akitokea pale kwetu juu ya kitu chochote kinacholia kama vingine, atakuwa amemvizia mama yangu kama mwizi wa kuku. Nikasema basi dereva apige honi kwenye kona. Hapo hakucheka.

"Honi ni kuita," alisema. "Mimi ni nani nimwite?"

Kwa hiyo lile gari bovu ndilo lilikuwa njia pekee ya mzee wa miaka themanini na ushei kufika kwenye kaburi la mwanawe bila kumwaibisha mke wa mwanawe. Nilielewa hivyo siku ile ile. Ninachojilaumia ni kwamba nilielewa na bado nikakosea.

Fundi niliyempata ana karakana ya mabati hapo hapo Bulyaga, jirani na wauza mbao. Ni mzee wa kofia iliyofumwa, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na sanduku la patasi, na yeye mwenyewe anatania kwa Kinyakyusa vizuri kuliko mimi. Alilala chali juu ya gunia chini ya gari, akiwa na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi kipande kwa kipande huku amefumba macho.

"Chuma kizima kinaitika," aliniambia kutoka kule chini. "Kibovu kinanung'unika. Hiki chako kinanung'unika mpaka kinatia huruma."

Alipotoka alinionyesha. Boriti mbili ndefu za chesisi, ambazo ndani yake ni tupu kama mianzi, zilikuwa zimeoza kutoka ndani kuja nje. Juu ya uozo mafundi wa zamani walikuwa wamechomelea kiraka, na juu ya kiraka kiraka kingine, mpaka mahali pengine chuma kilikuwa na matabaka kama kitunguu. Na katikati, boriti ya kukingama iliyokatika zamani ilikuwa inacheza, haijafungwa na mtu yeyote. Kila gari lilipokanyaga shimo, boriti ile iligonga ile ndefu. Nilitia kidole pale, kikaingia.

Akasema kuna kazi mbili. Anaweza kuongeza viraka vyake juu ya vya wenzake, gari litembee. Au anaweza kuondoa kila kilichooza na kuunda chesisi iliyo bora kuliko ile ya siku gari lilipozaliwa, na hiyo haitamsumbua mtu hata mimi nitakapokuwa bibi. Aliniuliza mwenye gari anataka ipi. Sikwenda kumuuliza mwenye gari. Nilikuwa na maneno ya wale watu wa Dar es Salaam kichwani, kuhusu mifupa, na nikajibu papo hapo kwamba tunataka ya pili.

Wiki tano nilishinda pale. Wabeba mbao wanane walikuja kuinua mwili wa gari, wakauweka pembeni juu ya matairi, na chesisi ikabaki uchi juu ya magogo, ndefu, nyembamba, kama kitu ambacho hakikupaswa kuonwa na watu. Fundi alikata, akaenda Mbeya kutafuta bamba nene zaidi, akakunja, akachomelea kidogo huku na kidogo kule ili joto lisipinde chuma. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, alipima kwa kamba kutoka kona hadi kona, mara mbili, kamba zikikatana katikati. Zikitofautiana kwa unene wa ukucha, alianza upya kipande cha jana. Nilimwambia hakuna atakayejua. Akaniambia gurudumu litajua.

Alitoboa matundu chini ya boriti, ambayo waundaji wa kwanza hawakuyaweka, ili mvua ikiingia ipate pa kutokea. Na ili kupaka rangi ya kuzuia kutu ndani ya boriti, mahali ambapo mkono haufiki wala jicho halifiki, alifunga tambara kwenye waya mrefu, akalichovya kwenye rangi nyekundu, akalivuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, mara tano. Nilishika upande wa pili wa waya. Rangi ilinitiririkia hadi kwenye kiwiko, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata mezani kwangu mwaka mzima.

Boriti ya katikati aliiunda upya, akaifunga kwa nati nne, na kila mahali chuma kilipokutana na chuma akaweka mpira.

Siku ya kulijaribu tulipita naye barabara ya nyuma, ile yenye mashimo. Aliyachagua mashimo, akayaingia moja moja kwa makusudi.

"Unasikia?" aliniuliza.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Tulicheka wote wawili. Tukavuka mfereji wa maji, mahali ambapo gari lile lingepiga ko-ko mpaka mbwa wabweke, na likapita kimya. Nikaacha kucheka.

Nilimwomba asimamishe. Nikamwomba, kwa maneno ambayo hata mimi niliyasikia yalivyo ya kijinga, ailegeze ile boriti ya katikati kidogo tu. Alizima injini akanitazama kama mtu aliyelishwa mchanga. Akasema katika maisha yake ametengeneza magari ya kila namna, ya wacha Mungu na ya walevi, lakini hakuna aliyewahi kumpa kazi ya kutengeneza ubovu. Ndipo nikamweleza habari ya mama.

Alizaliwa hapa, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alivua kofia, akaishika kwenye goti. Kwa muda akajaribu kutania, akasema labda tulifunge kengele shingoni kama mbuzi. Kisha akaacha utani. Akaniambia kwamba kitu kilicholegea kwenye chesisi hakitoi mlio tu, kinakula chuma kila siku, na siku kitakapomaliza kula, gari litakuwa kwenye mteremko na mzee atakuwa ndani.

"Siwezi, binti," alisema. "Hata kwa heshima ya mama yako. Siwezi."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anamenya ndizi. Nilimwambia yote, kuanzia kiraka mpaka mfereji. Hakuinua kichwa. Nikaharakisha kumpa dawa niliyokuwa nimeitunga njiani: nitampigia simu tukiondoka Bulyaga, atakuwa na nusu saa nzima ya kujiandaa. Alimenya ndizi mbili kabla ya kunijibu.

"Ukinipigia, wewe mwanangu ndiye utakuwa umenitoa nyumbani kwangu," alisema. "Mlio ule haukuwahi kunitoa. Nilikuwa natoka mwenyewe."

Sikulala vizuri. Asubuhi mama alikuwa amevaa viatu vya kwendea kanisani, siku ya Alhamisi. Aliniagiza nimpigie baba mdogo nihakikishe babu amekaa kwake na hatatoka. Kisha tukaenda Bulyaga.

Alimsalimia fundi, wakaulizana habari za watoto na za mvua, na akamwomba jambo moja: alipitishe gari barabarani, aende mbali, arudi, aende tena, achanganyike na magari mengine. Yeye alisimama kando ya uzio wa karakana, akaipa barabara mgongo, kanga kichwani.

Mara ya kwanza aliinua mkono kuonyesha amelisikia, nikageuka nikaona lori la ndizi linalotoka Kisiba. Mara ya pili ilikuwa teksi. Gari la babu lilipita nyuma yake taratibu na mama hakutikisika. Wanawake waliokuwa wanauza maparachichi ng'ambo walikuwa wameanza kufurahia.

"Dada, ni bwana gani huyo unayemnunia hivyo?" mmoja alimpigia kelele.

"Baba mkwe," mama alijibu bila kugeuka.

Walianza kucheka. Kisha yule mkubwa kati yao, mwanamke wa umri wa mama, akanyoosha mkono akazima redio yake.

Fundi alirudi, akashuka, akaanza kumfundisha. Akamwambia asikilize giabox, kwamba ya gari hili inaimba nyembamba kwenye gia ya pili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Ndaga, fundi," alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Kulitengeneza umelitengeneza wewe. Kulisikiliza ni kwangu. Nenda tena."

Alikwenda tena. Mara ya nne mkono ulipanda, na lilikuwa lenyewe. Mara ya tano alikosa. Mara ya sita na ya saba alipata, na ya nane alipata likiwa bado mbali kiasi kwamba mimi niliyekuwa natazama sikuwa nimeliona. Nilimuuliza anasikia nini. Akafikiri. Alisema magari mengine yakikanyaga shimo yanaguna, hili linashusha pumzi.

Tukiwa njiani kurudi alinikataza kumwambia babu.

"Akijua nimejifunza gari lake," alisema, "atakuwa ameniona."

Jumapili nilimfuata babu. Alikuwa amevaa koti lake la ibada na ameshika kofia mkononi. Alilizunguka gari mara moja, akainama kwa shida kuchungulia chini, akasema chesisi imependeza kuliko bibi harusi. Njiani alinitukana kwa mapenzi, kwamba naendesha kama ninayekanyaga mayai, kwamba wanawake wa kuandika vitabu wasipewe usukani. Tulipofika kwenye shimo la kwanza alinyamaza ghafla, akageuza kichwa, akawa kama mtu anayengoja kuitikiwa. Shimo la pili vilevile.

"Limenyamaza," alisema.

Nikakiri kosa langu. Sikujitetea kwa habari ya mifupa. Hakukasirika. Alipitisha kiganja juu ya dashibodi, akakirudisha kwenye goti, nami nikaendesha mpaka kwenye mashamba ya chai.

Mvua ilitukuta hapo. Ilikuwa ile ya kwetu inayoshuka yote kwa pamoja. Tulipofika kwenye kona ya migomba niliona paa letu chini na moshi wa jikoni ukibanwa na maji, na nikajua kwamba chini ya mabati yale hakuna sikio duniani linaloweza kusikia gari, hata lingekuwa bado linagonga. Nikapunguza mwendo.

"Simama," babu alisema. "Zima."

Nikasema nishuke nikimbie nimwambie. Akaniuliza nitamwambia nini, kwamba atoke alowe? Tukakaa. Vioo vikafunga ukungu. Nilihesabu muda kwa maji yaliyokuwa yanashuka kwenye mfereji kando yetu, yakibeba magome ya migomba, na nilimwonea uchungu mzee huyu aliyekuwa hatua mia mbili kutoka kwa mwanawe.

Ni babu aliyeanza kusema, macho kwenye kioo kisichoonyesha kitu. Alisema ile boriti ya katikati ilikatika mwaka mama alioolewa. Fundi wa misheni alitaka kuikaza, kazi ya asubuhi moja. Lakini wiki ile alikuwa amepita hapa, gari likagonga kwenye kona, na akaona kanga ya bibi harusi ikiingia kwenye mibuni bila haraka, bila kukimbia kama mtu anayefukuzwa.

"Nikamwambia fundi aiache," alisema. "Na kila fundi aliyekuja baada yake, nilimwambia aiache."

Miaka yote ile nilidhani mlio ni ubovu ambao mama alijifunza kuutumia. Kumbe upande wa pili mtu alikuwa ameushikilia.

"Kwa nini hukuniambia, babu?"

"Hukuniuliza, mke wangu."

Mvua ilianza kuchoka, ikabaki manyunyu, kisha matone ya migomba tu. Nikashika ufunguo, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba hata sasa gari halina mlio, na kwamba kama anataka turudi Bulyaga, nitaelewa.

"Rudi nyuma," alisema. "Mpaka pale chai inapoanzia. Halafu uje tena, kama anavyokuja mtu."

"Hatasikia, babu."

"Yeye ana masikio," alisema. "Rudi nyuma."

Nilirudi kinyumenyume kupanda kilima kile, vibaya, gurudumu moja likitambaa ukingoni mwa mfereji, na mara hii hakunitania. Kwenye chai nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikaingiza gia ya pili, tukashuka.

Gari lilishuka kimya kama nilivyolitaka siku nilipokuwa najua kila kitu. Kona ikafunguka. Uani hapakuwa na mtu. Kigoda hakikuwepo, wala meza, wala chupa. Moshi ulikuwa unatoka jikoni ule ule. Nilipunguza mpaka injini ikaanza kukataa. Babu hakutazama nyumba, alitazama mikono yake. Mbele yetu palikuwa na shimo moja tu lililobaki, pana, limejaa maji ya mvua, na sikulikwepa. Gurudumu la mbele likazama, la nyuma likafuata, na chesisi mpya ikashusha pumzi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama alitoka na kigoda mkono mmoja na chupa mkono mwingine, akaviweka karibu na kaburi, akafuta kigoda kwa pindo la kanga. Hakuinua macho kuelekea barabarani. Alirudi ndani, nikasikia hatua zake zikivuka nyumba yote hadi upande wa mibuni, zikienda kwa mwendo wake mwenyewe, na mlango wa huko ukafungwa nyuma yake.